Mashine Tuliyoifuta Kila Magharibi

Gongoni, Jumatano

Mwanangu Mwadime,

Salamu zangu zianze kwa wakubwa. Bibi yako mpe shikamoo yangu, umwambie mkamwana wake anamwulizia macho, na anataka kujua kama ile dawa ya matone anaitia kweli au ameiweka dirishani kama alivyoiweka ile ya kwanza mpaka ikakauka. Baba yako msalimie sana. Mwambie goti halitapona kwa kulitazama. Atoke, atembee polepole mpaka kijitoni na kurudi, ndivyo daktari alivyosema mbele yangu. Mke wako Mkamburi nampa pole kwa mzigo alio nao tumboni. Maji asiyapandishe mlima ule peke yake, na nikija nikisikia aliyapandisha na wewe ulikuwapo, tutaulizana. Mjukuu wangu Mwakio mbusu utosini, umwulize kama bado anamwogopa jogoo. Shangazi yako Mghoi mwambie lile dera aliloniagiza nimeliona Malindi, ila rangi aliyoitaka haipo, achague nyingine. Na mama wa nyumba ya chini, yule aliyenisaidia kupalilia wakati wa mvua, mwambie sijamsahau.

Nawe nakusalimu mwisho. Si kwamba nimekusahau. Nilitaka nikifika kwako nisiwe tena na mtu wa kumsalimu, tubaki wawili.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Joto ni kali, mkono wangu wa kulia bado unakufa ganzi asubuhi, lakini ukishashika kazi unajisahau. Siku hizi siko kwenye mabwawa ya chumvi, wameniweka ghalani kwenye kufunga pakiti, angalau nina paa juu ya kichwa. Dada yako Wakesho yupo. Anakula kidogo. Nitakueleza kwa nini.

Utajiuliza Mama ameshikaje kalamu siku hizi za simu. Nimeishika kwa sababu nikipiga unaniweka kwenye spika, na nyuma yako nasikia vijana wanacheka. Tena nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao unakatika. Mwanangu, huo mtandao unakatika kwenye maneno ya dada yako tu? Mbona habari za kuku na mvua tunazisema mpaka salio langu linakwisha? Karatasi haikatiki. Shule niliiacha darasa la sita na mwandiko wangu unaujua, lakini soma taratibu mpaka mwisho, na usimsomee mtu kabla hujaimaliza mwenyewe. Nimempa Mzee Mwalimo ailete, yule fundi wa cherehani za magunia hapa kazini, anakuja huko kuwaona watu wake.

Jambo lenyewe ni kompyuta yako.

Nilikwambia Malindi kuna ofisi inayochukua vijana na kuwafundisha kutunza kompyuta za mahoteli na zahanati, na wakishajua inawatafutia kazi humo humo. Karo hawataki. Wanachotaka ni kuona mtu kama ana kichwa na subira. Kwa hiyo kila anayeomba hupewa kazi ya kufanya nyumbani: atengeneze mashine pepe ndani ya kompyuta, aitie mfumo endeshi, kisha aje nayo wamwone akiiwasha. Wakesho alinieleza mpaka nikaelewa. Hiyo mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Inakaa ndani ya kompyuta ya kweli kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu. Ina kumbukumbu yake na diski yake, ila vyote amekatiwa na mwenye nyumba. Na mfumo endeshi ndio kama roho, ndio unaoifanya iamke na kukubali kuamrishwa. Wanafundishia hivyo ili anayejifunza akiharibu, aharibu ile ya kuigiza, na ile ya kweli ibaki salama.

Nikakupigia nikuombe kompyuta. Sijui kama unakumbuka ulivyonijibu. Mimi nakumbuka.

Ulisema, “Mama, hiyo kompyuta ndiyo inayonilisha.”

Nikasema, “Ni ya siku chache tu, baba.”

Ukasema, “Wakesho ataiharibu. Na akishajua hayo makompyuta atafanya nini? Si ataolewa akapike?”

Nikanyamaza. Ukaanza kusema halo, halo, ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Tena wiki hiyo hiyo mke wako, bila kujua tumezungumza nini, aliniambia kwamba tangu upate ile mashine mpya ya kupigia muziki harusini, kompyuta iko kabatini imefunikwa kitambaa cha meza. Usimgombeze. Nilikuwa nimemwuliza vitambaa vyangu viko wapi, naye akanijibu. Na kompyuta hiyo ilipatikana vipi, mimi najua na wewe unajua. Sitasema zaidi ya hapo.

Basi nikaenda kuomba kwa watu.

Mwenye ploti ya vyumba vya kupanga tunayokaa ni Bi Salma, mama mtu mzima, kwao hasa ni Mambrui. Mwanawe yuko Uarabuni kikazi, amemwachia kompyuta ya mkononi, na kila baada ya sala ya magharibi humpigia wakaonana uso kwa uso kwenye kioo. Ndiyo raha yake yote iliyobaki. Nilimkuta barazani anachambua mchele pamoja na wifi yake.

“Shikamoo, Bi Salma.”

“Marahaba, Mama Mwadime. Kaa kitako.”

Nikamweleza shida yangu huku natazama mchele, maana macho yake sikuyaweza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mchana mimi siitumii. Msichana na aichukue, lakini magharibi iwe hapa. Hii ni amana ya mwanangu.”

Wifi yake hakuinua hata uso. “Watu wa bara hao, Salma. Ukiwapa kitu kizima kinakurudia vipande. Umesahau lile jiko?”

“Jiko alilivunja mpangaji mwingine.”

“Si wote wametoka huko huko?”

Mwadime, mtu akinitukana mimi navumilia. Lakini pale alikuwa ametutukana sote, na wewe na baba yako na bibi yako asiyemjua. Nikasema hapo hapo mbele ya wote wawili, “Itarudi kila magharibi kama ilivyotoka. Mkikuta hata alama ya kidole, nitoeni kwenye nyumba.”

Bi Salma akacheka. “Haya, mwanangu, hatujafika huko.” Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuapa.

Siku ya kwanza Wakesho alitia ile programu ya kutengenezea mashine pepe, akafuata maelezo aliyopewa, akabonyeza ya kuwasha. Yakaja maneno mekundu: haiwezekani. Akajaribu tena, haiwezekani. Nilipotoka kazini nilimkuta ameshika tama. Akampigia Madam Sidi, mwalimu wa ile ofisi ya Malindi, binti wa Kigiriama mwenye maneno ya upole. Akamwambia usiogope, kila anayeanza hukwama hapo. Kumbe ndani kabisa ya kompyuta kuna kama swichi inayoiruhusu kubeba mashine nyingine, na kompyuta nyingi hutoka dukani swichi hiyo imezimwa. Unaizima kompyuta, unaiwasha, na kabla haijaamka sawasawa unagonga kitufe fulani haraka haraka ili ufunguke ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe. Ukichelewa kidogo umekosa, unaanza upya. Wakesho akagonga akakosa, akagonga akakosa. Mimi namwambia, “Gonga sasa!” Yeye ananiambia, “Mama, ukipiga kelele vidole vinatetemeka.” Mwisho akapata. Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Jua likawa linashuka. Nikamwambia, “Haya, toa vyote ulivyotia.”

Akanitazama. “Vyote vipi?”

“Vyote. Kompyuta haikuja na hiyo programu, na swichi ilikuwa imezimwa. Tulisema itarudi kama ilivyotoka.”

“Mama, programu haimdhuru mtu. Bi Salma hata hataiona.”

“Mungu anaiona. Na yule wifi ana macho kumpita Mungu.”

Akacheka, akafuta, akaizima swichi. Siku hiyo bado alikuwa anacheka.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi anajenga, magharibi anabomoa. Siku ya pili mashine pepe ilikubali kuwaka, ikasema haioni pa kuanzia. Alikuwa ametengeneza kiwiliwili lakini hajaipa lile faili lenye mfumo, kama mtu aliyeteleka sufuria tupu akakaa kungoja ugali. Akaanza kulipakua faili, ni kubwa, bando likaisha katikati. Faili lililokatika likawa halifai kitu, linakataa kufunguka. Siku nyingine akakaa saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, mpaka likashuka lote, mwenye saiba akamwazima flashi ya kulibebea. Angalau hilo halikuwa la kupakuliwa tena. Lakini mashine ikishajengwa haiingii kwenye flashi ndogo kama ile, kwa hiyo yenyewe ilikuwa ni ya kufutwa tu.

Kisha akafikiri akiipa kumbukumbu nyingi itakwenda mbio. Akaipa karibu yote. Kompyuta ya Bi Salma ikaganda, mshale hausogei, feni inalia kama inataka kuruka. Mimi nikaanza kusali kwa sauti. Madam Sidi kwenye simu akamwuliza, “Wakesho, mgeni umempa kitanda, mkeka na blanketi. Wewe mwenye nyumba umelala wapi?” Akamwambia aipe chini ya nusu, na asikimbilie, aiache ichukue muda wake. Ikafunguka. Tulikuwa tumefika mahali pa kuchagua lugha na saa za Nairobi, nikasikia watoto wa ploti wanaitwa kuoga, nikajua muda umekwisha. Akafuta.

Ijumaa alisahau kuiwasha ile swichi. Asahau vipi, nawe utauliza, wakati anaijua? Ni kwa sababu jana yake mimi nilisimama juu ya kichwa chake mpaka akaizima. Maneno mekundu yakarudi, naye akatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale, sehemu kubwa ya siku ikapotea. Jioni hakucheka. Alifuta bila mimi kumwambia.

Jumamosi hutoka kazini mapema, kwa hiyo nilikuwapo. Mambo yalikwenda vizuri, sijapata kuona. Swichi imewashwa, faili limetiwa, kumbukumbu ni ya kiasi. Kisha kioo kikauliza jambo kwa Kiingereza, nikamwona Wakesho amesita.

“Inasema nini?”

“Inasema ifute diski yote, ndipo iingie.”

Niliushika mfuniko wa kompyuta nikaufunga, paa, karibu nimbane vidole. Picha za wajukuu wa Bi Salma zimo humo. Harusi ya mwanawe imo humo. Nikasema, “Heri ukose hiyo nafasi kuliko nimfutie mama wa watu mtoto wake.”

“Mama, si diski hiyo! Ni ile ya kuigiza!”

“Imeandika diski yote. Yote ni yote.”

Ikabidi Madam Sidi aitwe tena. Alicheka mpaka akakohoa. “Mama, anayefuta ni mpangaji, anafagia chumba chake. Vya mwenye nyumba hata havioni.” Nikamwuliza tena, akanijibu tena. Nikamwambia aape. “Naapa, Mama.” Nikafungua mfuniko, nikafumba macho, Wakesho akabonyeza.

Ukatokea mstari mwembamba unaojaa polepole. Tukautazama kama watu wanaotazama maiti anayepumua. Ulipojaa, mashine ikajizima, ikajiwasha, na Mwadime, ikaanza yote upya. Lugha gani, saa za wapi, ifute diski. Wakesho akalaza kichwa mezani. Nikamwambia, “Piga simu.” Akasema, “Ngoja, Mama. Ngoja kidogo.” Akawaza. Kisha akasema mwenyewe, bila Madam Sidi wala mtu mwingine, kwamba lile faili bado limo ndani, ndiyo maana mashine inaanzia pale pale. Akalitoa, maana ni kama kaseti iliyoachwa ndani. Akawasha.

Ikaamka. Ikamwandikia jina lake. Wakesho, hivyo, kwa herufi nzuri katikati ya kioo, inamngoja aingie. Mimi jina la mtu wa nyumba yetu sijaliona limeandikwa mahali kama pale tangu vyeti vyako. Nilimshika kichwa nikalia. Akaniambia, “Mama, machozi yasidondoke kwenye vitufe vya watu.” Tukacheka sote wawili.

Nje watu walikuwa wameanza kutia udhu.

Akasema, “Leo isifutwe. Jumatatu ndiyo siku yenyewe.”

“Kesho utaijenga tena. Njia sasa unaijua.”

“Niijenge tena kwa nini na iko hapa? Nenda umwombe Bi Salma iachwe.”

“Siendi kuomba mara ya pili. Wifi yake yuko pale.”

“Basi niende mimi.”

“Huendi. Aliyetoa neno ni mimi.”

“Mama, wewe wifi wa watu unamwogopa kuliko unavyonipenda mimi.”

Hilo aliniambia. Sikumpiga. Nilisimama pale mpaka akafuta, na swichi akaizima, na ule mfuniko nikaufuta kwa upindo wa kanga yangu ndipo nikaipeleka.

Jumapili tulipotoka kanisani umeme haukuwapo Gongoni nzima. Betri ya kompyuta ile imechoka, bila waya haikai. Tulikaa tukiitazama mpaka saa ya kuirudisha. Umeme ulirudi watu wamekwisha kula.

Jumatatu Bi Salma alimpa ruhusa ya kwenda nayo Malindi, na dua akamwombea. Wakesho alifika ofisini kabla ya walinzi kufungua. Alipopata soketi akaanza kujenga, peke yake, watu wanaingia wanampita. Aliwasha swichi, akatia faili, akaipa kumbukumbu yake, hakukosea hata mahali pamoja. Mstari ulikuwa unajaa alipoitwa jina. Akaingia nayo vile vile, waya unaburutika.

Madam Sidi alimsihi mkubwa wake. “Huyu anaweza. Nimekuwa naye kwenye simu wiki nzima.”

Yule mkubwa akasema, “Kazi ilikuwa ya nyumbani. Wenzake wamekuja nayo tayari.”

Wakesho akasema, “Niliimaliza Jumamosi.”

“Iko wapi?”

“Niliifuta.”

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yule mkubwa akamwuliza, “Nani hufuta kazi yake mwenyewe?” Wakesho akaanza kukusanya waya. Hakutaka kunitaja.

Miongoni mwa waliochukuliwa siku ile yuko msichana aliyekuja na mashine iliyokwisha kujengwa nyumbani kwao. Alikuwa akiwaambia wenzake nje kwamba hata hajui ilivyojengwa, alijengewa na kaka yake. Sikiliza vizuri, Mwadime. Na kaka yake.

Jioni kompyuta niliipeleka mwenyewe. Bi Salma akaniuliza imekuwaje, nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchagua maneno. Akaiacha tasbihi magotini.

“Mlikuwa mnaifuta? Kila siku?”

“Kila magharibi.”

“Astaghfirullah. Mimi nilitaka isivunjike, na nisikose uso wa mwanangu. Hayo mengine yangenikera nini? Mbona hukuniuliza, Mama Mwadime?”

Nikaitazama tasbihi ile. Yule wifi alikuwapo, nikangoja aseme lake. Hakusema. Akainuka akaenda ndani, akanitilia chai ya iliki, akaniletea kwa mikono yake. Chai ile ilinishinda kumeza. Angenitukana ningemeza.

Nikarudi chumbani nina hasira na kila mtu. Na ulimi wa yule mwanamke, na yule mkubwa wa Malindi, na umeme, na kiburi changu mwenyewe. Lakini nikikaa peke yangu ghalani nafunga pakiti, hasira hizo zote hutoka zikazunguka zikarudi kwako. Kwa sababu kompyuta ingekuwa ni ya nyumbani, nani angeapa? Nani angesimama juu ya kichwa cha mtoto na kumwambia futa? Nimewapigia magoti watu wasionijua ili waniazime kitu kilichoko kabatini mwa mwanangu. Umenifanya niwe mgeni mara mbili.

Sikuandiki haya ili ulie. Nakuandikia kwa sababu Madam Sidi amepiga simu. Kuna kundi lingine mwisho wa mwezi, na anamtaka Wakesho. Ila mkubwa wake amebadilisha sharti: kila atakayechukuliwa awe na kompyuta ya kukaa nayo muda wote wa mafunzo, asubuhi na jioni. Ya Bi Salma haiwezekani, na mwanawe yuaja kwa likizo. Yako inafaa. Wakesho alimtajia Madam Sidi aina yake, akasema inatosha kabisa. Mzee Mwalimo anarudi huku Jumapili. Ifunge kwenye blanketi dogo, umpe mkononi, na waya wa chaji usiusahau. Vitu vyako vilivyomo ndani, muziki wako na picha zako, havitaguswa. Hilo sasa nalijua kuliko unavyolijua wewe.

Na kuna jambo ambalo Wakesho hajui kwamba nakuandikia. Jana nilimkuta anazungumza na msimamizi wa mabwawa, yule anayeandika wafanyakazi wapya. Anaandika tena Jumatatu. Nilimwita pembeni nikamwuliza ametaka nini kwa yule mtu. Akaniambia, “Mama, nimechoka kukaa.” Nikamwambia mabwawani si mahali pake. Akaniuliza, “Pangu ni wapi?” Kwa upole tu, kama anauliza saa. Mwadime, wewe miguu yangu umeiona ilivyoliwa na chumvi. Uliiona ile Krismasi nilipokuja, ukatoka nje. Mimi niliingia kwenye maji yale ili nyinyi msiingie, na wewe hukuingia. Yeye ana umri uliokuwa nao wewe nilipokupeleka chuo.

Usiniambie baba yako amekataa. Nimeshazungumza naye, amesema kompyuta ni yako na neno ni lako. Wala usiniambie utamnunulia dada yako nyingine mambo yakikaa vizuri. Sijui mambo hukaa vizuri lini, mimi nangoja tangu nilipoolewa.

Nisalimie tena wote. Bibi yako aendelee kutuombea, maombi yake huwa yanafika. Baba yako mwambie namfikiria kila nikisikia baridi, ingawa huku baridi ni kidogo. Mkamburi, mke wa mwanangu, mwambie mtoto akiwa wa kike nitafurahi, na wewe ujiandae. Mjukuu wangu asishushwe mtoni bila viatu. Shangazi yako Mghoi anaweza kusomewa barua hii ukishaimaliza, ukitaka, yeye hunena ukweli.

Nakuomba unijibu upesi. Mzee Mwalimo akiondoka Jumapili asiondoke mikono mitupu. Ikiwa ni ndiyo, huna haja ya kuandika kitu, nitaiona kompyuta. Ikiwa ni hapana, chukua karatasi uandike hapana kwa mkono wako mwenyewe, umpe aniletee kabla ya Jumatatu, nipate kumwonyesha dada yako kwamba nilikuomba.

Ni mimi mama yako nikupendaye, ambaye huku hakuna anayejua jina nililopewa na wazazi wangu, kwani wote huniita kwa lako,

Mama Mwadime